Mali Kauli

Kabla hujaniuliza nina deni kiasi gani,
niulize deni lipi.

Kuna lile la Kasiani wa kausha damu.
Laki mbili, mama alipolazwa Temeke,
akakata elfu ishirini ya fomu kabla sijazishika.
Elfu nane kwa siku, siku thelathini na tano,
piga hesabu mwenyewe, mimi nimechoka kuipiga.
Huja saa kumi na moja jioni, pikipiki haizimi,
ananiita "dada" kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima.
Mama alipona.
Deni ndilo lililobaki na homa.

Nikakopa kwenye simu nimlipe Kasiani,
nikakopa kwa Mangi niilipe simu,
mimi, fundi cherehani, miaka kumi na sita hapa Tandika,
nikashona kiraka juu ya kiraka
mpaka nikaitafuta nguo nisiione.

Halafu kuna deni la Shaali.

Shaali Faki, Kariakoo, Mtaa wa Kongo, mtu wa Wete,
maneno yake machache kama vifungo vya kanzu.
Alinisukumia majora matano ya vitenge, akasema:
"Siku arubaini. Bei ni ileile.
Riba siijui, wala usinifundishe."
Hapakuwa na fomu, wala mdhamini, wala picha ya pasipoti.
Aliandika kwa penseli: *Siwatu, Tandika, 5.*

Nikatoka na mzigo begani, nikauona mwepesi.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Maana deni lisilozaa lina usingizi mtamu.
Halipigi simu, halina pikipiki,
linakaa pembeni kama mgeni mstaarabu,
na kwa kuwa halisemi njaa yake
unaanza kula sahani yake.

Wiki ya pili nilikuwa na laki na themanini.
Shoga yangu Mwanaidi akaja na habari ya friji,
mtumba wa Dubai, milango miwili.
"Si hela unazo?"
Ninazo.
Msimbazi wa Shaali na msimbazi wangu
wana tembo yuleyule, wekundu uleule,
ukiwachanganya kwenye pochi moja hawagombani,
utakayegombana ni wewe, siku ya arubaini.

Usiku ule nikakata kipande cha kitenge,
nikashona mfuko usio na mdomo,
upenyo mwembamba tu, noti iingie imekunjwa.
Kuitoa, sharti ufumue kwa wembe.
Kila mita niliyouza, ya Shaali ilitangulia ndani.
Iliyobaki mezani ndiyo niliyoiita yangu,
nayo, jamani, ilikuwa ndogo.
Dagaa. Umeme wa elfu mbili. Kasiani.
Friji likaenda kwa mtu mwingine, Yombo huko,
na sikulia, ila maji ya baridi niliyawaza.

Kasiani nilimmaliza Jumanne.
Akahesabu, akatia noti kwenye soksi, akaniangalia
kama mwenye bucha anavyomwangalia ng'ombe aliyepona.
"Huchukui nyingine? Wewe mlipaji mzuri."

Siku ya thelathini na nane nikaenda Kongo.
Nikautua mfuko juu ya kaunta, nikatoa wembe.
Shaali akarudi nyuma hatua moja.
Nilipofumua, noti zikamwagika zimekunjamana,
akazinyoosha moja moja kwa kiganja, bila haraka,
mteja mwingine akasubiri.

"Safari hii chukua kumi," akasema.
"Matatu."
"Nakupa kumi, Siwatu."
"Najua unanipa. Usiku ni mimi ninayelala nayo."

Akachukua ufutio, akafuta jina langu, akapuliza vumbi.
Nikainama kutazama.
Chapa ya penseli haikutoka, ilibaki kwenye karatasi kama kovu,
ukiligeuza daftari kwenye mwanga bado nasomeka.
Akaandika palepale, juu ya chapa ileile:
*Siwatu, Tandika, 3.*